Barua ya Mwezi: Silembloki ngumu ao silembloki mupya?



Mwezi huu tunajibu barua moja tu, sababu iko na mambo mingi ndani. Inatoka Kolwezi. Kijana mwenye kuiandika iko na Toyota Altezza, ile ya vitesi sita za mukono. Anasema moteri inafanya kazi muzuri, lakini mbele motokari imebadilika tabia. Inagonga ko-ko-ko kila anapopita polepole kwenye mashimo. Kwenye gudro ya kwenda Likasi volani inaelea, inamupasa kuirudisha kila wakati sawa mutu anayeongoza mutumbwi. Akifunga freni kwa nguvu, inavuta upande wa kushoto. Na pineu za mbele zinaliwa upande wa ndani.

Rafiki yake alimuonyesha picha za seti inayouzwa inchi za mbali: silembloki ngumu za rangi, na rotuli za chuma tupu za kuweka kwenye mikono ya magurudumu, sawa zile za motokari za mashindano. Amechanga franga mwaka muzima juu ya hiyo seti. Baba yake anasema ni kutupa pesa. Tena anaongeza mustari mumoja chini kabisa ya barua, na mimi naona njo mustari mukubwa kuliko yote: kila mwezi anapeleka mama yake kwa daktari Lubumbashi, kilometa karibu 300, na ni ndani ya motokari hii hii.

Ninajua wengine watauliza pastere anatafuta nini ndani ya garaji. Mbele ya kuingia shule ya Biblia nilifanya miaka mine chini ya motokari za watu, na wale tuliokuwa nao huko wanaendelea kunifundisha mpaka leo. Basi tuseme.

Kwanza tujue ni nini tunazungumzia, sababu hata dada na mama wanapanda motokari hizi. Gurudumu halishikwe na shasi moja kwa moja. Linashikwa na mikono ya chuma, ile mafundi wetu wanaita triangili ao bra. Altezza iko na mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, mbele na nyuma pia. Ni kazi nzuri ya Toyota: motokari hiyo ilitoka Japani mwaka 1998, ikapewa zawadi ya motokari ya mwaka huko kwao, na Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ile yenye moteri ya silinda ine na vitesi sita za mukono ilikuwa na nguvu farasi 210, kwa moteri ya litre mbili tu. Kijana kuipenda si ajabu.

Sasa, mukono ule unapaswa kupanda na kushuka wakati gurudumu linapita kwenye shimo. Upande wa shasi, unazungukia kwenye silembloki. Upande wa gurudumu, unazungukia kwenye rotuli. Hivi ni vitu viwili tofauti, na watu wengi wanavichanganya. Hata yule rafiki wa kijana wetu amevichanganya.

Silembloki ni bomba mbili za chuma, moja ndani ya ingine, na katikati kuna mupira ulioshikana na chuma pande zote mbili. Bulo linapita ndani ya bomba la katikati na kulikaza kwenye shasi. Mukono unapopanda, hakuna kitu kinachoteleza. Ni mupira wenyewe unaojipinda, kisha unarudi. Njo maana silembloki ya mupira haiombi gresi, na ukiipaka gresi ao mafuta ya moteri unaiua, mupira unavimba na kuoza. Kama moteri yako inatoa mafuta chini, ziba kwanza mahali yanapotoka, ao silembloki mupya zitakwenda njia ile ile ya zile za zamani.

Rotuli ni kitu kingine. Ni tufe la chuma ndani ya kikombe, sawa mufupa wa paja ndani ya nyonga, na gresi ndani, na kifuko cha mupira inje kinachozuia vumbi na maji. Hiyo inazunguka pande zote, sababu gurudumu linapanda na kushuka na pia linageuka na volani. Kwenye Altezza, resori ya mbele inakaa juu ya mukono wa chini. Maana yake uzito wa mbele wa motokari unapita kwenye rotuli ya chini. Silembloki ikikatika, motokari inakuwa mulevi. Rotuli ya chini ikitoka, gurudumu linalala inje, mbele inaanguka juu ya pineu, na freni na volani havina maana tena. Kwa kilometa 80 kwa saa, na kamio ya kuba inakuja mbele yako, fikiri mwenyewe.

Si hadithi ya kuogopesha watoto. Mwaka 2005 Toyota yenyewe iliita irudishwe garaji, huko Marekani, zaidi ya pikapu na jipu 700,000, zikiwemo za Tacoma na 4Runner, sababu rotuli za mbele zingine zilitoka kiwandani na mikwaruzo juu ya tufe. Mikwaruzo ile midogo inakula kikombe, nafasi inafunguka, na mwisho rotuli inaweza kutoka. Kama mikwaruzo ya kiwandani inafanya vile, vumbi letu jekundu linafanya nini ndani ya rotuli yenye kifuko kilichopasuka?

Turudi kwa seti ya picha. Wanaoitengeneza si waongo. Iko na kazi yake, na inafaa tuijue muzuri mbele ya kuihukumu.

Ukiwa kwenye uwanja wa mashindano, gudro laini sawa meza, pineu pana zinazoshika sana, unafunga freni mwisho kabisa na kuingia kwenye kona. Nguvu zile zinasukuma mupira wa silembloki, mupira unakubali, na gurudumu linageuka kidogo bila wewe kugusa volani. Ni milimita chache tu, lakini kwa mukimbiaji milimita ile ni kila kitu. Kwa hiyo anaweka poliuretani. Ni aina ya plastiki, iligunduliwa Ujerumani mwaka 1937. Ugumu wa vitu hivi unapimwa kwa kipimo cha Shore A: mupira wa silembloki za kawaida unakuwa karibu 60, poliuretani ya barabarani karibu 80, ile ya mashindano 95. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanatoa hata poliuretani na kuweka rotuli za chuma tupu pande zote, chuma juu ya chuma, ao na ngozi nyembamba ya Tefloni katikati. Hapo hakuna kitu kinachokubali tena. Volani inasema ukweli wote wa barabara.

Ukweli wote, hata ule hautaki kusikia. Baba zetu waliofanya kazi kwenye mashine za kuchekecha mawe wanajua: mashine ile haikae chuma juu ya chuma, inakaa juu ya mupira ao resori, ao sivyo inapasua nyumba yake. Mupira wa silembloki ni pale kwa sababu ile ile. Ukiutoa, pigo la shimo halipotei, linaenda mbele: kwenye mukono, kwenye mabulo, kwenye mahali mukono unapofungwa kwenye shasi. Kwa motokari yenye zaidi ya miaka 20, yenye kutu kidogo hapa na pale, ni pale njo ufa utaanza.

Tena kuna vumbi. Poliuretani haijipindi sawa mupira, inateleza juu ya bomba lake. Kitu kinachoteleza kinaomba gresi, na si gresi yoyote, ni ile yake maalum inayokuja ndani ya seti. Vumbi la mchanga likiingia humo, inaanza kulia kwi-kwi kila dodani, na kisha inakula bomba. Rotuli za chuma tupu ni mbaya zaidi, sababu mara mingi hazina kifuko. Wakimbiaji wanazikagua nyuma ya kila shindano na kuzitupa bila huruma. Nani kati yetu ataondoa mikono ya motokari yake kila mwezi, mbele ya kupeleka mama hospitali?

Kuna pia rotuli za chini zenye mukia murefu, zinauzwa kwa wale walioteremsha motokari chini. Sababu yao iko ya kweli: ukiteremsha motokari, mukono wa chini unalala vibaya, unaelekea juu kwenye gurudumu, na motokari inalala zaidi kwenye kona hata kama inaonekana ya chini na ya nguvu. Mukia murefu unarudisha mukono mahali pake. Lakini mukia murefu unavutwa kwa nguvu zaidi pia, kwa hiyo chuma chake kinapaswa kuwa cha kweli. Na mimi nauliza, kuteremsha motokari kwa ajili ya njia zipi? Njia zetu ndizo zinaomba tuinyanyue.

Sasa sikia, kijana wangu. Soma tena barua yako uliyoandika. Kugonga polepole kwenye mashimo, volani kuelea, kuvuta kwenye freni, pineu kuliwa ndani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema "silembloki zangu ni laini sana". Zote zinasema "silembloki na rotuli zangu zimezeeka". Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005. Mupira unazeeka hata motokari ikisimama: jua, joto la moteri, hewa tu, vinaukausha na kuupasua. Wewe haujapata hata siku moja kuendesha motokari hii namna Toyota ilivyoitengeneza. Unataka kuibadilisha mbele ya kuijua.

Kwa mawazo yangu, kwa hiyo, franga zako zinunue vitu hivi: rotuli mbili za chini mupya, silembloki za mikono ya chini mbele, za mupira, za kiwanda ao za fabrika inayojulikana, kisha ukiona franga zimebaki, amortisa za mbele. Angalia zaidi silembloki ya nyuma ya mukono wa chini. Kwenye Altezza na Lexus IS ile njo inayopasuka kwanza, sababu inapokea nguvu yote ya freni. Inapopasuka, gurudumu linakimbia nyuma kila unapofunga freni, na ikiwa moja imepasuka kuliko mwenzake, motokari inavuta upande. Ni kile unachotuandikia. Hata wenye motokari hizi huko Ulaya na Marekani wanajua silembloki hiyo, na wengi wao wanaoweka poliuretani wanaiweka pale pekee.

Neno moja la angalisho: silembloki zingine zinatoka kiwandani na mianya ndani ya mupira, nafasi mbili kama nusu ya mwezi. Huo si ugonjwa. Wameuacha wazi makusudi, kusudi silembloki iwe laini kwenda mbele na nyuma, na ngumu kwenda pembeni. Niliwahi kuona fundi akiijaza na vipande vya pineu ya kamio, akisema anaitengeneza. Na ile desturi ya kuchonga silembloki nzima kutoka pineu ya zamani, tunaiona kila mahali, hata mimi nimeikuta kwenye motokari za watu wenye akili. Mupira ule haujashikana na chuma, una nyuzi ndani, unasugua mpaka tundu linakuwa pana. Kwa mukokoteni ni sawa. Kwa mukono wa gurudumu, hapana.

Rotuli je, inaweza kupigwa sudire? Hapana, na hapa sitaki mabishano. Chuma cha mukia kimepitishwa kwenye moto kwa kipimo kule kiwandani ili kiwe kigumu bila kuvunjika. Moto wa sudire unaharibu kipimo kile, na unachoma kikombe cha ndani pamoja na gresi. Inatoka garaji ikiwa kaza sana, mwenye motokari anafurahi, na hakuna mutu anayejua ni siku gani itakatika.

Mbele ya kununua, pima. Zuia magurudumu ya nyuma na mawe. Weka kriki chini ya mukono wa chini wenyewe, karibu na gurudumu, si chini ya shasi. Ukiinua kwa shasi, resori inasukuma mukono chini na kuificha nafasi iliyo ndani ya rotuli. Utasema iko muzima na kumbe imekufa. Weka pia kisimamo cha chuma chini ya shasi, kriki peke yake si ya kuaminiwa na kichwa cha mutu. Kisha mwenzako aingize baramina ndogo chini ya pineu na kuinyanyua polepole, wewe unaangalia rotuli na lampe. Ukiona inacheza juu na chini, imekwisha. Ukiona kifuko kimepasuka lakini haichezi bado, imekwisha pia, imebakiza siku tu. Kwa silembloki, ingiza baramina kati ya mukono na shasi na kuisukuma: ufa utafunguka mbele ya macho yako.

Na mama, hata wewe usiyegusa kriki, masikio yako ni kipimo. Kugonga kunakosikika polepole kwenye mashimo madogo, chini ya miguu yako, kunatoka hapo mara mingi. Mwambie mutoto wako, usikubali akuongezee sauti ya radio.

Kwenye soko, chukua muda. Rotuli za bandia ni nyingi na ndugu za kweli zinafanana nazo kwa macho. Ya kweli ina uzito, alama zake zimechongwa ndani ya chuma na si za rangi tu, kifuko chake ni laini na kimefungwa muzuri chini na juu, na ukiigeuza kwa mukono inakataa kidogo pande zote kwa namna moja. Inayocheza huru ikiwa mupya, iache pale pale. Usinunue rotuli ya okazioni hata kama muuzaji ni ndugu wa kanisa. Mutu hawezi kuona ndani ya kikombe.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta garaji yenye presi, sababu silembloki inaingizwa kwa kusukumwa sawasawa, na nyundo inapinda bomba. Tazama namna ya zamani ilivyolala mbele ya kuitoa, weka alama ya chaki kwenye mukono, mupya ilale vile vile na mianya yake upande ule ule. Mahali mukia wa rotuli unapoingia, pangusa mpaka pawe safi na kavu, bila gresi. Gupiye iwe mupya, ile ya zamani usiirudishe.

Kisha kuna jambo moja ambalo nimeona likiharibu kazi nzuri mara nyingi kuliko lingine lolote, na halina bei. Fundi anamaliza, motokari ingali juu, magurudumu yananing'inia, anakaza mabulo ya silembloki mpaka mwisho. Kisha anaishusha. Sasa kumbuka nilivyosema: mupira umeshikana na chuma pande mbili. Amekaza bomba la ndani wakati mukono uko chini kabisa. Motokari inaposhuka, mukono unapanda, na mupira unabaki umepindwa usiku na mchana, hata ikiwa imesimama nyumbani. Ndani ya miezi michache umepasuka, na watu wanasema piesi zilikuwa za bandia. Namna ya haki ni hii: kwanza mabulo yafungwe kwa nguvu kidogo tu, motokari ishushwe na uzito wake wote uwe juu ya magurudumu, isukumwe juu na chini mara chache mpaka ikae, kisha mabulo yakazwe kwa ufunguo unaopima nguvu. Simama pale ukiangalia. Fundi akisema ni kupoteza wakati, mulipe nusu na umuombe akuonyeshe sababu yake.

Nyuma ya hapo, paralelismu, siku ile ile kama inawezekana. Pineu zilizokwisha kuliwa ndani hazitapona, lakini zitaacha kuliwa. Ukiwa na mbili nzuri nyuma, zipeleke mbele.

Kwa baba yako, ndugu zangu, ninasema hivi kwa heshima: mwana hakukosea kutaka kutumia franga kwenye mikono ya magurudumu. Vijana wengi wanaanza na rimu zinazong'aa na sauti ya eshapoma. Huyu amesikia ugonjwa ulipo, amekosa dawa tu. Ungemusindikiza sokoni, mungetazama rotuli pamoja.

Ukisha kuendesha miezi mitatu namna hiyo, na motokari imenyooka, na ungali unatamani ugumu zaidi, basi weka poliuretani ya barabarani kwenye silembloki ile moja ya nyuma ya mukono wa chini, kushoto na kuume pamoja, na ukubali kuifungua na kuitia gresi yake mbele ya kila musimu wa mvua na nyuma yake. Chuma tupu, acha kwa wenye uwanja.

Nyuma ya kilometa 500 za kwanza rudi chini na lampe, angalia mabulo yote na gupiye. Na rotuli za zamani zilizotolewa, usiziache kwenye pembe ya garaji. Zichukue nyumbani na uzipige nyundo mpaka kifuko kipasuke na mukia upindike, sababu zikibaki pale nzima, wiki ijayo zitapakwa rangi na kuuzwa kwa mutu mwingine.